Kabla ya Natron, Tuanzie Stoo

Vijana wangu, tarehe 17 Julai 2007 ardhi ilitikisika Gelai, karibu na Ziwa Natron, kwa ukubwa wa 5.9. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inajipenyeza chini kwa chini, na Septemba mlima wa volkano wa jirani, Ol Doinyo Lengai, ukaanza kulipuka. Ndiyo maana watafiti hawaachi kurudi kule na vipima tetemeko, nanyi zamu yenu imefika. Ila leo tunaanzia stoo.

Kila kipima tetemeko kitakachosafiri kilale kwanza na wenzake. Tunavipanga kwenye sakafu moja ya saruji, vikikaribiana, vyote vikielekea kaskazini, tunaviwasha jioni na kuviacha mpaka asubuhi. Sakafu ni moja, mtikisiko ni mmoja, basi na michoro ifanane. Kinachochora cha kwake peke yake hakipandi gari, hata kama kimetoka kwenye boksi jana.

Halafu saa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo paliponiuma. Wimbi la kwanza la tetemeko hupita kwenye mwamba mgumu kwa kasi ya kama kilomita 6 kwa sekunde. Saa ikikosea sekunde moja tu, umbali unaokokotoa umepotea kilomita 6. Kinasa data, kile kisanduku kinachohifadhi michoro, hupata saa yake kutoka satelaiti za GPS kupitia antena ndogo inayoenea kiganjani. Mwaka mmoja nilipakia antena bila kuijaribu. Waya wake ulikuwa umekatika kwa ndani, karibu na kichwa. Kwa nje huoni kitu. Tuliporudi baada ya miezi minne, kituo kilikuwa kimerekodi vizuri kabisa, ila saa yake haikuaminika hata siku moja. Miezi minne ya mitetemo, na hatukuweza kusema tetemeko hata moja lilitokea wapi.

Betri zipimeni zikiwa na mzigo, yaani zikiendesha kifaa. Nyaya zipitisheni kwenye bomba, panya hutafuna. Fyuzi, bisibisi na pimamaji viwe mara mbili. Ukishaupita mji wa Mto wa Mbu usitegemee duka. Dira isomwe mbali na gari na nyundo, na kule hata mawe ya volkano huivuta sindano.

Na mmoja wenu atangulie kijijini Engare Sero akae na wazee. Tunachimba mashimo ya vipima kwenye malisho yao, na jirani wa boma ndiye atakayeilinda paneli ya sola ya kituo.

Sasa sogeeni mezani. Antena yenyewe ni hii. Mmoja aupinde waya polepole, mwingine aangalie kioo cha kinasa data, mniambie ishara ya satelaiti inapotea wapi.