Skid Row ya Dublin: Bendi Iliyomwondoa Mwimbaji Wake

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Tuondoe utata mapema: wale Skid Row wa New Jersey waliotamba redioni mwishoni mwa miaka ya 1980 siwazungumzii. Wangu ni wa Dublin. Walilitumia jina hilo karibu miaka ishirini kabla ya Wamarekani, wakatoa albamu mbili, wakasambaratika mwaka 1972, na leo hata wapenzi wengi wa bluzi hawawajui.

Wakati ule, mwanamuziki wa Ayalandi aliyetaka gitaa limlishe alijiunga na showband. Ni kundi la watu saba au zaidi, wamevaa suti sare, wana tarumbeta na saksafoni, na kazi yao ni kuzunguka kumbi za dansi wakikopi nyimbo zilizovuma Uingereza na Marekani. Fedha zilikuwapo, nafasi ya kupiga cha kwako ndiyo ilikuwa finyu. Rory Gallagher mwenyewe, mpiga gitaa maarufu wa bluzi wa Ayalandi, alipitia huko Cork kabla ya kuunda bendi yake ya Taste mwaka 1966. Kwa hiyo Brendan Shiels, ambaye wote walimwita Brush, alipoanzisha Skid Row mwaka 1967, alikuwa anaupa kisogo mshahara wa uhakika. Albamu yao ya kwanza ina wimbo uitwao “Unco-Up Showband Blues”. Jina tu linawaambia waliionaje kazi ile.

Brush alipiga besi, Noel Bridgeman drams, Bernard Cheevers gitaa. Mwimbaji alikuwa Phil Lynott, kijana mrefu aliyelelewa na bibi na babu yake mtaa wa Crumlin, mama Mwairishi, baba wa Guyana. Kijana mweusi mbele ya bendi, Dublin ya miaka ya 1960: huyo huwezi kumpita bila kugeuka.

Mwaka 1968 Cheevers akaondoka, na akaletwa mtoto wa Belfast mwenye umri wa miaka 16, Gary Moore. Moore alizaliwa mtumia mkono wa kushoto lakini akajifunza gitaa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wake wenye nguvu ndio uliokuwa kwenye nyuzi za shingoni. Sijui kama hiyo ndiyo siri ya kasi yake, lakini mimi napenda kuamini hivyo. Kuja kwake kulibadilisha hesabu za bendi. Gitaa, besi na drams vikaanza kukimbizana, na nafasi ya sauti ikapungua.

Mwaka 1969 Lynott alikuwa na matatizo ya koo, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa mafindofindo. Brush akaamua kubaki na watu watatu. Akamwondoa rafiki yake.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandae mhadhara huu. Dhamiri ilimsuta Brush. Akamchukua Lynott na kumfundisha gitaa la besi, akamuuzia na chombo chenyewe, Fender Jazz, kwa pauni 36. Besi hiyo Brush aliinunua kwa Robert Ballagh, aliyekuwa akipiga katika showband ya The Chessmen. Ballagh aliuacha muziki, akawa mchoraji, na miaka mingi baadaye akasanifu noti za Ayalandi, zile za mwisho kabla ya yuro. Naona mnacheka, lakini ni kweli.

Kabla mwaka haujaisha, Lynott na besi yake walikuwa ndani ya Thin Lizzy, bendi ya roki ya Dublin iliyokuja kuvuma duniani. Ndiyo maana simlaumu Brush. Kama angemwonea haya rafiki yake, Lynott angebaki amesimama na maikrofoni mkononi akisubiri gitaa limalize, na pale palikuwa na nyimbo za zaidi ya dakika kumi.

Sasa turudi kwa watatu waliobaki. Walipofungua onyesho la Fleetwood Mac, bendi ya bluzi ya Uingereza, mjini Dublin, mpiga gitaa wao Peter Green alimsikia Moore, akawasaidia Skid Row kupata mkataba na kampuni ya rekodi ya CBS. Baadaye Green alimwachia Moore gitaa lake, Gibson Les Paul ya 1959. Bei? Moore auze gitaa lake la SG, alete alichopata. Les Paul hiyo leo iko kwa Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica.

Albamu ya kwanza, “Skid”, ilitoka 1970 na kufika nafasi ya 30 Uingereza. Ya pili, “34 Hours” ya 1971, ilipewa jina la saa zilizotumika kuirekodi. Haraka hiyo inasikika. Wimbo unageuka, unageuka tena, na kabla sikio halijazoea wameshahama. Ufundi upo mwingi mno, na hapo ndipo ninapogombana nao: bluzi inahitaji mahali pa kunyamaza, na hawa hawanyamazi. Moore mwenyewe alikuja kunyamaza takriban miaka ishirini baadaye, katika “Still Got the Blues” ya 1990, albamu iliyouza kuliko vyote alivyofanya na Skid Row.

Walizunguka Marekani, umaarufu haukuwafuata. Mwishoni mwa 1971 Moore akaondoka, akaingia Paul Chapman kutoka Wales, na mwaka uliofuata ikawa basi. Moore na Lynott walikutana tena ndani ya Thin Lizzy, kwanza 1974. Bridgeman akaendelea kupigia wengine, wakiwamo bendi ya The Waterboys.

Nimewaletea “Night of the Warm Witch”, kutoka albamu ya pili. Wengi mtalifuata gitaa, na hamna kosa. Lakini jaribuni kuifuata besi ya Brush, mkikumbuka kwamba wakati huo mwanafunzi wake alikuwa tayari ana bendi yake. Baada ya hapo nitapokea maswali.