Bonge Linaporudi

Wenzangu, mgonjwa wa saratani amerudi wodini. Mguu uliokuwa umenywea umevimba tena: bonge la damu iliyoganda mshipani limerudi, na kwenye faili imeandikwa kwamba anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Wengi wetu hapo hukimbilia kubadili dawa. Mimi nauliza kwanza: je, hiyo dawa inafika kwenye damu?

Muulizeni bila ukali. Mtu aliyeacha kujichoma sindano kwa sababu tumbo limejaa michubuko, akihojiwa kama mtuhumiwa atajibu kwamba anajichoma kila siku. Aliye kwenye kemotherapi pengine anavitapika vidonge muda mfupi baada ya kuvimeza. Aliyeondolewa tumbo la chakula kwa upasuaji, huenda vidonge havinyonywi ipasavyo. Mwingine alisimamishiwa dawa ili afanyiwe upasuaji, na hakuna aliyekumbuka kumrudishia. Kosa hilo ni letu, si lake. Mpimeni na uzito upya, maana dozi ya sindano za heparini, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia damu kuganda, hufuata kilo.

Ikiwa dawa inafika na damu bado inaganda, geukieni saratani yenyewe. Imekua? Kuna uvimbe unaoubana mshipa? Halafu tazameni chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Zikiporomoka kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu aanze heparini, shukuni heparini: kuna miili inayoipokea kwa kuzidi kugandisha damu. Hapo isimamisheni mara moja, aina zake zote, apewe dawa ya kundi jingine.

Kama si hivyo, njia ni fupi. Aliye kwenye warfarini, kidonge cha zamani cha kuzuia damu kuganda, au vidonge vipya vya kazi hiyohiyo ahamie sindano za heparini nyepesi, yaani yenye molekuli ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa katika miezi 6 bonge lilirudi kwa wagonjwa 17 katika kila 100 waliotumia dawa za aina ya warfarini, na 9 tu kwa waliochomwa dalteparini, aina mojawapo ya heparini nyepesi. Aliyekuwa tayari kwenye sindano hizo kwa dozi kamili, ongezeni takriban robo, mkamwone tena baada ya siku 5 hadi 7.

Najua mtaniuliza kuhusu kichujio cha mshipa, kile kifaa kinachowekwa ndani ya mshipa mkubwa kunasa mabonge. Kinapendwa kuliko kinavyostahili! Huzuia bonge la mguuni lisipande mapafuni, lakini hakitibu chochote, na chenyewe hukaribisha mabonge mapya miguuni. Mwekeeni mgonjwa mwenye bonge bichi ambaye anavuja damu na hawezi kupewa dawa, na siku mnayokiweka andikeni hapohapo tarehe ya kukitoa.