Mpokezi wa Simu za Dharura: Kazi Yake Kabla Gari Halijafika

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Marekani wana wiki nzima ya kuwashukuru wapokezi wa simu za dharura, wiki ya pili ya Aprili. Ilianzia California mwaka 1981, katika ofisi ya sherifu. Ni jambo jema. Lakini keki na vyeti havimfai mpokezi ikiwa wanaompigia hawajui anafanya nini, kwa hivyo leo tuizungumze kazi yenyewe.

Swali lake la kwanza ni: uko wapi? Wengi hukasirika hapo. "Mtu anakufa, wewe waniuliza mtaa!" Lakini simu ikikatika au chaji ikiisha, mpokezi mwenye mahali anaweza kutuma gari. Mwenye habari zote za mgonjwa bila mahali hana pa kulituma. Mnara wa simu nao haumwonyeshi mlango wako. Humpa eneo tu, na eneo hilo laweza kuwa na nyumba mamia.

Hapa Mombasa swali hilo ni zito zaidi, maana nyumba nyingi hazina namba na sisi huelekezana kwa msikiti, duka au mwembe. Chukueni jina la Majengo. Kuna Majengo ya kisiwani, na kuna Majengo Mapya kule Likoni. Aliyebabaika husema "Majengo" basi, na kati ya mahali hapo pawili kuna kivuko. Gari likikosea litangoja feri kwenda, lingoje tena kurudi, na kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyo na feri, ni safari ndefu. Mpokezi mzoefu haulizi "Majengo gani?", kwa sababu atajibiwa "Majengo hapa hapa!" Huuliza: "Uko kisiwani au Likoni?" Kisha hutaka alama mbili: kubwa ambayo dereva ataiona akiwa barabarani, na ndogo iliyo karibu na mlango. Hapo napo pana mtego, kwani twaita mahali kwa jina la sinema au mti uliokwisha ondoka zamani, na dereva mgeni hataviona. Mwisho humwomba mtu mmoja atoke hadi barabarani, na kama ni usiku, awashe tochi ya simu.

Baharini mpango ni huo huo. Anayeomba msaada kwa redio ya VHF, chaneli ya 16, hutaja jina la chombo na mahali kilipo kabla ya kueleza kilichompata.

Kituo chenye watu wa kutosha hugawana kazi: mmoja anaongea nawe, mwenzake yuko kwenye redio na gari limeshaondoka. Maswali yanayofuata hayalicheleweshi. Pale mtu mmoja anapofanya yote mawili, lazima akuache hewani kidogo amwelekeze dereva, na hapo ndipo wapigaji wengi hukata simu. Usikate.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo watu hawaijui. Mpokezi huuliza: "Anaitika ukimwita? Anapumua kama kawaida?" Hilo neno "kama kawaida" halikuwekwa bure. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kukoroma au kuvuta pumzi moja moja kwa dakika kadhaa, na jamaa zake husema, "Anapumua." Mpokezi asipoligundua hilo, dakika za kumwokoa hupotea, maana ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Akiligundua, haingoji ambulensi. Atakwambia uweke simu sauti ya nje, umlaze mgonjwa chali sakafuni na si kitandani, kwa sababu godoro hubonyea na nguvu yako haifiki kwenye moyo. Kiganja kimoja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka. Bonyeza sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kiinuke kila mara. Yeye anakuhesabia kwa sauti, kwa sababu anayechoka hupunguza mwendo bila kujua. Kila baada ya dakika mbili mwingine ashike zamu.

Kwa damu inayochuruzika, maelekezo ni mafupi: kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usifunuefunue kutazama. Kwa kifafa: ondoa vitu vilivyo karibu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa ujue kimechukua muda gani.

Namba ni 999, 112 au 911, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Mtoto akizipiga kwa kuchezea simu, msikate kwa aibu. Semeni ni makosa, la sivyo mpokezi atapoteza muda akiwapigia kuhakikisha kuwa mko salama.

Kwa wasimamizi wa vituo nina ombi moja. Mpokezi humsikia mama akilia, kisha laini inakatika na simu nyingine inaita. Mara nyingi hajui kama mtoto yule alipona. Dereva anaporudi kituoni anajua alimfikisha hospitali akiwa katika hali gani. Mwambieni ampitie mpokezi amweleze, kabla zamu haijabadilika.