Wiki yangu Berlin majira ya kuchipua: jua la saa mbili usiku, asparagasi na mgeni kutoka Tendaguru

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo. Lindi mjini, Kitunda ng'ambo, Mchinga, Mtama, Nachingwea, salamu ziwafikie. Na majirani zetu wa kusini, Mtwara kuchele!

Leo sizungumzii viza, wala mshahara, wala kodi ya nyumba. Video hizo zipo, mtazikuta kwenye chaneli. Najua kuna mtu anapanga maisha yake kwa majibu yangu, na swali la mtu huyo nalichukulia kwa uzito wote. Lakini juzi dada mmoja wa Rahaleo kaniandikia: "Dada, na huko unafurahia nini?" Swali fupi tu, lakini limenikaa moyoni. Watu wengi hutaka kujua napata nini, huyu kataka kujua nafurahia nini. Basi dadangu, video hii ni yako. Wiki nzima nimekuwa naandika kwenye simu kila kitu kilichonifurahisha, na vingi kati ya hivyo havikunigharimu chochote.

Cha kwanza ni hiki hapa nyuma yangu. Ngoja niwageuzie kamera. Mnaona ule mwanga kwenye ukuta wa jirani? Lile ni jua, na sasa ni saa mbili kasorobo usiku. Kwetu Lindi jua halina mambo mengi, mwaka mzima linazama kwenye saa kumi na mbili na kitu, kuku wanajua, watoto wanajua. Hapa Berlin mwezi wa Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Unaingia kazini giza, unatoka kazini giza, siku nyingine hujaliona kabisa. Ndiyo maana mwishoni mwa Aprili namna hii, maghrib ikisogea mpaka kwenye saa mbili na nusu, utawaona watu wazima wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao wamefumba macho, uso juu, wanaota jua tu. Na mimi nakaa. Nikitoka kazini napitia bustani ya Rehberge, natafuta benchi lisilo na kivuli, nakaa. Sisomi, sishiki simu.

Halafu kuna jambo la saa. Huku Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele. Wakati wa baridi ninyi mnatutangulia saa mbili, sasa mnatutangulia saa moja tu. Inaonekana ndogo, lakini mwulizeni mama yangu. Zamu yangu ya asubuhi ikiisha saa nane, kwake ni saa tisa, kaswali, kala, kajipumzisha barazani, hajaanza shughuli za jioni. Wakati wa baridi nampata tayari yuko jikoni, sufuria inaungua, ananiambia "mwanangu nitakupigia," na hapigi. Wiki hii tumezungumza kila siku. Kanieleza mvua, kanieleza ufuta wake shambani, kanieleza harusi ya mtoto wa jirani tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na nani hakupewa pilau ya kutosha. Hiyo ndiyo furaha kubwa kuliko zote za wiki hii, na nimeiweka hapa katikati makusudi, ili anayeruka mwanzo wa video aikute.

Na khanga zangu zimekauka nje! Miezi yote ya baridi nguo tunaanika ndani, karibu na kipasha joto, zinakauka zimekakamaa na hazina harufu yoyote. Jumatatu nimezitoa kwenye roshani, zikapigwa na upepo mpaka saa tisa. Nikaikunjua moja, nikaiweka usoni. Ina harufu ya jua. Mama zangu mnaonisikiliza mnaijua harufu hiyo, hamna haja ya kuelezwa.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Asubuhi nikiwa na nafasi napita kwa Waturuki kununua simit, ule mkate wa mduara uliopakwa ufuta mwingi, wa moto, ukiumega ufuta unakumwagikia mapajani. Mkoa wetu ni mmoja wa vinara wa ufuta nchini na mwingi wake unakwenda nje. Siwezi kujua ufuta ulio kwenye mkate huu umetoka wapi, lakini kila nikiumega namkumbuka mama na shamba lake. Naula na chai ya rangi, bila haraka.

Lakini mfalme wa msimu huu ni asparagasi, chipukizi la mmea linaloliwa kama mboga. Huku wiki hizi hakuna mazungumzo mengine. Vibanda vinafunguliwa barabarani kwa ajili yake tu, mikahawa inaandika ubao maalumu. Wanayoipenda Wajerumani ni ile nyeupe, na weupe wake una sababu: mkulima anaifunika kwa tuta la udongo ili isione jua. Ikichomoza kichwa tu na kuona mwanga, inaanza kugeuka zambarau, halafu kijani. Kwa hiyo mvunaji anatembea juu ya matuta, anaona ufa mdogo kwenye udongo, anafukua kwa vidole, anaikata chini kwa kisu kirefu. Moja moja. Kazi hiyo wanaifanya zaidi watu wa msimu kutoka Poland na Romania, migongo imeinama kutwa. Mwanzoni bei inapaa, kisha inashuka kadiri mavuno yanavyoongezeka, na tarehe 24 Juni msimu unafungwa, mmea uachwe upate nguvu ya mwakani.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, mnaonifuatilia mnajua. Kuna bibi mmoja pale, mikono yake inatetemeka sana, lakini umpe kisu cha kumenyea na asparagasi, mtetemo wote unatulia. Jumatano tulimenya kwa ajili ya chakula cha mchana, mimi na yeye. Alinielekeza: unaanzia chini kidogo ya kichwa, unashuka mpaka kwenye kitako, unazungusha, usiache hata uzi mmoja wa ganda, maana uzi huo ndio utakaokaa kwenye meno. Kitako kigumu unakata. Maganda hutupi, unayachemsha yatoe mchuzi, na kwenye mchuzi huo ndimo unamopikia. Chumvi, sukari kidogo sana, siagi. Wanakula na viazi vya kuchemsha.

Yeye alikuwa ananielekeza, mimi nawaza ming'oko. Mizizi inayochimbwa porini, ikachemshwa, ikauzwa stendi, unaimenya kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unakula huku basi linaondoka. Asparagasi kwangu ni ming'oko ya Wajerumani: kitu cha chini ya udongo, cha msimu, ambacho mtu aliyekulia nacho hawezi kukizungumzia bila uso wake kubadilika. Bibi yule alinisimulia mama yake alivyokuwa anaipika. Nami nikamsimulia stendi ya Lindi. Nyumbani kwangu jioni niliipika kwa tui la nazi, ndimu na pilipili kichaa, na naapa, ni tamu kuliko ya siagi.

Upesi upesi mengine. Usiku kuna ndege mdogo wa rangi ya udongo, Wajerumani wanamwita Nachtigall, baridi yote anakuwa Afrika kusini mwa Sahara, Aprili anarudi hapa kuimba. Anaimba saa sita za usiku, kwenye miti ya barabarani, magari yanapita na yeye hajali. Nikitoka zamu ya jioni nasimama kumsikiliza. Na njia ninayopenda kutembea ni barabara moja ya mtaa wa Wedding. Zamani ilikuwa na jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu ya barabara sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Kuna kibao kabisa. Watu wa Liwale, kuna barabara Berlin inayowakumbuka babu zenu. Mimi napita hapo na mifuko yangu ya sokoni, na kila nikipita natembea wima.

Cha mwisho, na ndicho nilichokuwa nakisubiri. Alhamisi sikuwa na zamu. Nikapanda treni ya chini ya ardhi, U6, kutoka Afrikanische Straße moja kwa moja mpaka Naturkundemuseum. Nikaingia makumbusho ya viumbe, ukumbi wa kwanza, na pale kasimama mwenyeji wetu, mifupa ya dinosaria, mnyama mkubwa wa kale. Ukimwita kwa jina la kitaalamu ni Giraffatitan. Urefu kwenda juu mita 13.27, miaka yake kama milioni 150. Mfupa wa mkono wa mbele peke yake unazidi mita 2, mimi nikisimama pembeni yake sifiki mwisho. Katoka Tendaguru, Lindi.

Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907 tu, nchi bado ina majeraha. Waliochimba kwa mikono ni watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo kuna mnyama mwingine wa Tendaguru aliyepewa jina la Boheti, anaitwa Australodocus bohetii. Na mwingine, 2019, amepewa jina la kabila langu: Wamweracaudia. Mimi Mmwera nimesimama Berlin nasoma habari hizo, mnadhani nilijisikiaje?

Mtaniuliza kama ningependa mifupa ile irudi. Ningependa. Ningependa mtoto wa Mipingo, kijiji cha upande wa Tendaguru, amwone mnyama huyu kabla yangu, bila viza. Lakini Alhamisi ile, kusema kweli, nilikuwa na furaha tupu. Watoto wa shule walikuwa wamekaa sakafuni wanamchora, na mmoja kaniangalia, nikamwambia kwa Kijerumani: huyu katoka kwetu. Akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikamwonyesha Lindi kwenye simu yangu, ghuba ile, na mto Lukuledi unavyoingia. Akaandika L-I-N-D-I chini ya mchoro wake.

Sasa nina ombi. Wanaotoka upande wa Tendaguru, Mipingo na vijiji vya jirani: kama kuna mzee nyumbani aliyesimuliwa na babu yake habari za kubeba mifupa ile, mkalisheni chini mumrekodi. Sauti tu inatosha, hata kwa simu ya kawaida. Mwulizeni walipita njia gani, walilala wapi, walilipwa nini, waliimba nini njiani. Mwombeni kwanza ruhusa, kisha nitumieni. Nataka nizikusanye, nizitafsiri na nizipeleke pale makumbusho kwa mkono wangu.

Wengine niandikieni hapo chini furaha yenu ya wiki hii, hata kama ni samaki mmoja tu wa kuchoma. Nitasoma zote. Kesho zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo nawaaga. Mama, nakupigia saa tisa yako, usiwe jikoni.