Hela ya Mafunzo Inamfuata Nani? Uanagenzi Uingereza

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo? Wengi mmeniuliza kama ni kweli huku Uingereza kijana anajifunza ufundi huku analipwa. Ni kweli kabisa, na mpango huo ndio uanagenzi. Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi kilipandishwa hadi pauni 7.55 kwa saa. Lakini leo nataka tuangalie hela ya mafunzo yenyewe.

Tangu Aprili 2017, kampuni ambayo mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka inakatwa nusu asilimia ya kile kinachozidi. Mishahara ikiwa milioni 5, makato ni pauni 10,000. Hela inakaa kwenye akaunti maalumu, mwajiri akalipie mafunzo. Sheria ilianza kwa kumpa miezi 24, asipoitumia, imekwenda.

Sasa jiweke kwenye kiti cha bosi. Muda unayoyoma, na hela hiyo hairuhusiwi kulipa mshahara. Kuajiri kijana mpya ni gharama juu ya gharama, kwa hiyo unamsomesha uliye naye. Ghala moja nililofanyia kazi, msimamizi wetu wa zamu, mtu mzima mwenye familia, aliandikishwa kuwa mwanagenzi wa uongozi. Kazi ileile, mshahara uleule, kila wiki anaachiwa saa za kusoma. Alistahili, sina neno. Ila hakuna kijana hata mmoja aliyeongezwa kwenye zamu. England nzima, walioanza uanagenzi walishuka kutoka takriban 495,000 mwaka 2016/17 hadi takriban 376,000 mwaka uliofuata.

Serikali imeliona. Tangu Aprili 2024 mwajiri mdogo analipiwa mafunzo yote ya kijana asiyezidi miaka 21. Na Januari 2026 ikaacha kugharamia uanagenzi wa ngazi ya uzamili kwa wengi wenye miaka 22 na kuendelea.

Nyumbani Tanzania tuna SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara kwa mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kenya waajiri wanalipa NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Nami naomba wabunge wetu walitazame hili: fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, mwenye vijana watatu wanaoshika spana kila siku hakatwi SDL, sawa, lakini ndiye anayefundisha. Sehemu ya hela hiyo imfikie, vijana wapate vifaa, bima na cheti cha VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi.