Kabla ya Kuilaumu Mvua, Chungulieni Kalavati

Mnaonijua mmeshachoka na hadithi yangu ya kalavati, lile tundu la kupitishia maji chini ya barabara au reli. Leo nairudia. Asiyetaka kuisikia, chai iko pale nje.

Alfajiri ya Jumatatu, 29 Aprili 2024, kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, nchini Kenya. Watu wamelala. Kulipokucha tukaambiwa bwawa limepasuka. Bwawa gani? Kule juu, Old Kijabe, kuna tuta la reli, na chini ya tuta mna tundu la kupitishia maji. Magogo, mawe na udongo vikaliziba. Mvua haikukoma, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi yakachoka kungoja. Zaidi ya watu 40 wakafa. Bwawa la kuchimbwa angalau lina mwenyewe, mnajua pa kwenda kulalamika. Lile lilijengwa na uchafu.

Namsikia mzee pale nyuma akiguna: mvua ni ya Mungu. Ndiyo, mzee wangu. Na tundu je, nalo ni la Mungu? Mwezi uliopita niliinama kuchungulia kalavati la barabara ya shule hapa kwetu. Mchanga umejaa hadi nusu, juu yake kisiki cha mkaratusi, magunia ya mkaa, na godoro. Godoro zima! Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi akaniuliza, "Babu, umepoteza nini humo?"

Wala msiniambie korongo lenu ni kavu, mmelivuka tangu utotoni. Mvua inanyesha kule mlimani, nawe huku chini uko juani unaanika mahindi. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Yakija kwa kasi, hata yakikupita kifundo cha mguu kidogo tu, yanakuangusha, uwe na kifua kama cha fahali.

Nilikusudia pia kusema juu ya vyoo vinavyozolewa na mafuriko na kumiminwa visimani, na kipindupindu kinachofuata. Na udongo wa juu wa shamba, ambao hakuna anayekulipa fidia yake. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye kalavati la shule. Jembe ninalo, koleo sina. Na waje vijana wanne wenye nguvu kwa ajili ya lile godoro. Limenyonya maji, halibebeki.