Jinsi ya kufunga app moja moja kwenye simu (Redmi, WhatsApp, iPhone)

Mambo vipi wanangu, leo tunafunga app. Najua simu nzima ishafungwa, kila mtu ana pateni yake, lakini simu za hapa mjini hazikai mkononi mwa mwenyewe. Mtoto anataka katuni, mtu wa kiti cha pembeni kwenye mwendokasi anaomba apige mara moja tu, shemeji anaangalia picha za harusi halafu kidole kinateleza kushoto, kushoto, mpaka kwenye skrinishoti za mkopo wako. Na umemfungulia mwenyewe! App lock ni ya hapo sasa.

Nipo dukani Aggrey, Kariakoo, hayo makelele ni jamaa wa soksi, siwezi kumzima. Nauza kava na protekta so simu za watu nazishika kutwa. Narekodi kwa simu nyingine nimeininginiza hapa juu, kwa sababu ukirekodi skrini yenyewe ukifika kwenye kuweka pateni mara nyingi inaleta giza, simu inakataa kuchukuliwa video ya siri yako, na inafanya vizuri.

Haya. Kabla hujagusa app lock, nenda setingi, sehemu ya fingerprint, uone kuna vidole vingapi. Hii ya mfano hapa ina vitatu. Vya nani? Sasa sikia, app lock haina vidole vyake peke yake, inatumia hivihivi vya simu. Kama mliwekeana vidole enzi penzi la moto, kile kidole kinafungua WhatsApp, kinafungua galari, kinafungua kila kitu utakachofunga leo. Futa. Usimwonee mtu aibu, simu yako. Halafu mimi napenda kusajili dole gumba lilelile mara mbili, mara ya kwanza likiwa kavu, mara ya pili umetoka kuosha vyombo, wale wa chipsi mtanishukuru.

Na simu inayosoma kidole chini ya kioo, ukibadilisha protekta futa kidole usajili upya juu ya protekta mpya. Samsung ingia Display uwashe Touch sensitivity. Usirudi hapa unasema protekta kimeo.

Tuendelee. Redmi: Setingi, Apps, App lock, Turn on. Kama huoni, pale juu kabisa kwenye setingi kuna sehemu ya kutafuta, andika app lock, itakuja, maana menyu zinahama kila sasisho.

Inakwambia chora pateni. HAPA. Hapa polepole jamani. Usichore ileile ya kufungulia simu, ile mtoto anaijua, mkeo anaijua, fundi anaijua. Chora nyingine. Ukimaliza inakuuliza uunganishe na akaunti ya Xiaomi, hao ndo wenye Redmi, na hapo ndo watu wote wanakimbilia kuruka. Usiruke. Narudia, usiruke! Kidole kinakudekeza, miezi unafungulia kidole tu, siku umejikata na kisu cha kitunguu simu inakataa, inataka pateni, pateni yenyewe huikumbuki. Akaunti ikiwepo unaingia nayo unaweka pateni mpya. Isipokuwepo mara nyingi mnaishia kufuta simu yote. Wanakuja hapa kila mara, "bro nitolee app lock", namuuliza akaunti ipo wapi, ananitazama tu. Na ukiwa na akaunti hakikisha paswedi yake unaijua, maana kuna wengine akaunti alifunguliwa na muuza simu.

Tumeunganisha? Sawa. Inauliza utumie na kidole, kubali.

Sasa orodha ya app. Wengi wanawasha WhatsApp na galari wanatoka. Funga na Messages, maana kodi za kuthibitisha zinaingia huko, mtu anabonyeza umesahau paswedi, kodi inaingia kwenye meseji, kashakuwa wewe. Funga Gmail kwa sababu hiyohiyo. Ukifunga galari funga na Google Photos na ile app ya mafaili, picha ni zilezile, zinaonekana kwa mlango wa nyuma. Settings nayo funga kama ipo kwenye orodha, mtu asiingie akaongeza kidole chake. App za pesa, M-Pesa, Mixx, zina namba yake ya siri tayari, funga tu haidhuru. Ila ujue ile *150*00# ya M-Pesa haipiti kwenye app yoyote, pale kinga ni namba ya siri peke yake, na kama ni mwaka wako wa kuzaliwa basi tusidanganyane.

Tujaribu. Natoka, nagusa WhatsApp... inaomba kidole, umeona. Naweka, imefunguka. Natoka tena, narudi... eh. Mbona imefunguka yenyewe? Ngoja. Haijauliza kitu, mmeona wenyewe. Subiri dada nakuja, chagua kava kwanza hapo. Haya, rudi App lock, ile gia ya juu kulia, tafuta sehemu ya muda wa kufunga. Hii imewekwa ijifunge simu ikizima kioo tu. Yaani ukishaifungua mara moja ipo wazi mpaka kioo kizime, na wewe si unampa mtu simu ikiwa inawaka? Weka ijifunge kila ukitoka kwenye app. Haya najaribu... natoka, narudi, inaomba kidole. Safi.

Palepale kwenye gia washa na kuficha maneno ya notifikesheni. Bila hivyo app imefungwa halafu meseji nzima inapita juu ya kioo, na jina la aliyetuma.

WhatsApp ina kufuli yake pia: Settings, Privacy, App lock. Utachagua ijifunge hapohapo, baada ya dakika 1 au 30. Dakika 30 ni za nini sasa, weka hapohapo. Simu ya WhatsApp ikiita bado inapokelewa hata imefungwa, usishtuke. Halafu ingia Linked devices. Ulienda stationery kuprinti barua ya maombi ya kazi, ukaskani WhatsApp Web, ukalipa ukaondoka, na kompyuta ile bado inasoma meseji zako! Kidole hapo hakisaidii. Gusa hiyo kompyuta, Log out.

iPhone, kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024: shikilia ikoni ya app, chagua Require Face ID, kwisha. Kuna na kuificha kabisa, inaenda kwenye folda ya Hidden chini kabisa ya App Library, ila ni zile ulizopakua App Store tu. Kamera na Settings hazifungiki. Ila wa iPhone mnajisahau kitu kimoja: Face ID ikikataa inaomba paswedi ya simu. Ileile. Kama mwenzako anaijua, hujafunga kitu, umempa kazi ya kugusa mara mbili. Badilisha paswedi kwanza.

Samsung mna Secure Folder, folda yenye kufuli yake, hiyo nitaifanyia video yake, kwa leo shika hili tu: unapoitengeneza washa ile ya kuirejesha kwa akaunti ya Samsung, ni mambo yaleyale ya akaunti, usiruke! Na usiiondoe kabla hujahamisha vitu vyako.

Tecno na Infinix fungua Phone Master, App Lock ipo humo, hatua hazitofautiani sana. Protekta ya kawaida nabandika hapohapo, na kidole tunasajili wote kabla hujatoka dukani. Nakuja dada, hiyo ya pinki ni ya simu nyingine, usiilazimishe itapasuka.